Anakimbia kutwa, bakuli halipungui: kisa cha mbwa jike wa miezi 14

Mbwa na makazi yake

Radi (si jina lake halisi) ni jike, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, hajafungwa kizazi. Anaishi katika nyumba yenye uzio kwenye mji mmoja wa pwani ya Tanzania, na familia ya watu sita na kuku wachache. Hana mbwa mwenzake. Kazi yake ni ulinzi, na haifanyi kwa uvivu: mchana hukimbia sambamba na uzio kila bodaboda inapopita, jioni hugombania mpira na watoto, usiku hubweka mpaka majirani walishazoea.

Chakula chake kilikuwa ugali laini uliochanganywa na dagaa na maji ya dagaa, saa 2 asubuhi na saa 11 jioni. Alipokaribia miezi 11, msimu wa kaskazi ukiwa umeshika kasi, alianza kubakiza. Kufikia miezi 14 alikuwa anaonja, anainua kichwa kutazama getini, anaondoka. Kumbukumbu pekee ya uzito wake ilikuwa ya siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, akiwa na miezi 10: kilo 21.5.

Kila aliyeulizwa alijibu kwamba mbwa anayeruka hivi hawezi kuwa mgonjwa. Jibu hilo lilipoteza miezi mitatu.

Yaliyofanyika nyumbani

Kwanza wakambembeleza. Ugali ukamwagiwa mchuzi uliobaki mezani, wenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Yakaongezwa maziwa. Bibi wa nyumba akaanza kumlisha kwa mkono, na Radi akala. Akiachiwa bakuli, haligusi. Baada ya wiki mbili alishaelewa kwamba akisubiri, kitu kitamu zaidi kitakuja na mtu.

Kisha ikanunuliwa dawa ya minyoo: kidonge kimoja cha mchanganyiko wa prazikwanteli, piranteli na febanteli. Vidonge vya aina hiyo vilivyoenea madukani hutolewa kimoja kwa kila kilo 10. Mbwa hakupimwa, akapewa nusu ya alichostahili.

Kijana wa kidato cha tatu katika familia ndiye aliyefanya jambo la maana kuliko yote ya wakati ule. Kwa siku 7 alipima kwa mizani ya jikoni kila kilichowekwa bakulini na kila kilichobaki, na akaandika hata vipande vilivyotolewa kwa mkono. Uzito wa mbwa aliupata kwa mizani ya bafuni: akapanda amembeba, akapanda peke yake, akatoa. Kilo 19.4. Daftari lilionyesha kwamba Radi alikuwa anakula kama asilimia 40 tu ya bakuli.

Bahati mbaya daftari lilisomwa mpaka hapo tu. Jamaa mmoja aliyefuga mbwa miaka mingi alilitazama akasema, "Mama, huyu mmemdekeza. Mwekee dakika 15, akikataa ondoa mpaka jioni. Njaa itamfunza." Familia iliifuata kanuni hiyo siku 10 bila kulegeza. Siku ya kumi mizani ilisoma kilo 18.6. Mbio za uzioni hazikupungua hata kidogo.

Kliniki

Tangu siku ya chanjo alikuwa amepoteza kilo 2.9, yaani zaidi ya asilimia 13 ya mwili wake. Kwenye kipimo cha umbo cha 1 hadi 9, ambapo 4 na 5 ndiyo afya, alipewa 3. Njia ya haraka ya kulijua hili nyumbani ni mikono yako mwenyewe. Kunja ngumi upapase vifundo vya vidole: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Kisha nyoosha kiganja upapase upande wa juu wa mkono: mifupa inasikika chini ya tandiko jembamba la nyama, na hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Manyoya ya German Shepherd hudanganya macho, kwa hiyo papasa, usitazame tu.

Joto la mwili lilikuwa nyuzi 38.9, ambalo ni la kawaida kwa mbwa. Meno mazima, hakuna mfupa uliokwama kaakaani. Fizi zilikuwa na wekundu uliofifia. Mitoki ya nyuma ya magoti ilikuwa imevimba kidogo. Kupe 9 walitolewa masikioni na katikati ya vidole, wote wa kahawia, wale wanaopenda mbwa na nyufa za kuta. Mama wa nyumba aliulizwa kuhusu joto la mwisho la jike, yaani kipindi cha kutaka dume. Lilikuwa limepita muda mrefu, hivyo mimba na mimba ya uongo zikawekwa kando.

Kinyesi kilikuwa na mayai ya minyoo ya safura, mnyoo anayeng'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Kwenye damu, ujazo wa chembe nyekundu ulikuwa asilimia 33, wakati kiwango cha kawaida huanzia 37. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zilikuwa 104,000 kwa mikrolita badala ya 200,000 kwenda juu. Tandazo la damu chini ya hadubini halikuonyesha babesia, kimelea cha damu kinachoenezwa na kupe. Figo zilikuwa sawa. Kipimo cha haraka cha kingamwili za Ehrlichia canis, bakteria anayeletwa na kupe wa kahawia, kilikuwa chanya.

Kingamwili pekee hazithibitishi kwamba mdudu bado yumo mwilini; mbwa wengi wa pwani wangekuwa chanya wakipimwa leo. Uamuzi wa kutibu ulitokana na mkusanyiko: chembe sahani chache, damu iliyopungua, mitoki, kupe hai mwilini na uzito ulioshuka. Vikikutana vyote hivyo, kusubiri ni kucheza kamari na uboho wa mifupa, unaotengeneza damu.

Na ule uchangamfu? Erlikia, ugonjwa unaoletwa na bakteria huyo, ina hatua ya kimya inayoweza kuchukua miezi, hata miaka. Mbwa hana homa, anacheza, anabweka, anakimbiza pikipiki, huku mwili ukipoteza akiba taratibu. Mbwa wa damu ya German Shepherd huumia zaidi ugonjwa unapokomaa, kwa hiyo kwa Radi hakukuwa na nafasi ya kungoja dalili kubwa.

Kwa nini ugonjwa ulitangulizwa

Kulikuwa na mambo matatu yaliyofungamana: maradhi, chakula chenyewe, na tabia iliyojengeka. Kurekebisha yote siku moja kungefanya isijulikane kipi kimefanya kazi, na mbwa mwenye kichefuchefu hafundishiki kula. Daktari akapanga hivi: tibu, ondoa kupe na minyoo, lisha kwa njia yoyote salama kwa wiki mbili za kwanza hata kwa mkono, kisha ndipo nidhamu ya bakuli irudi.

Dawa ilikuwa doksisiklini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 28. Kwa kilo 18.6 hiyo ni takriban miligramu 186, ikazungushwa kuwa kapsuli moja ya miligramu 100 asubuhi na moja jioni. Dawa ya minyoo ilirudiwa kwa kipimo kamili, vidonge viwili, na tena baada ya wiki tatu.

Kupe walishughulikiwa pande mbili. Mbwa alioshwa kwa amitrazi, dawa ya kuua kupe, kwa kipimo cha lebo, jioni kulipopoa, akazuiwa kujilamba mpaka akauka. Banda na nyufa za ukuta zilinyunyiziwa baada ya kuku na vyombo vyao vya maji kuondolewa, na kazi ikarudiwa kila baada ya siku 14, mara tatu. Watu wengi huosha mbwa wakasahau ukuta. Kupe wa kahawia akishiba huanguka, hupanda juu kwenye nyufa na kutaga mayai kwa maelfu, kwa hiyo anayeosha mbwa peke yake ataosha mwaka mzima. Kidonge cha kutafuna cha fluralana, kinachomlinda mbwa kwa wiki 12, kingekuwa rahisi zaidi, lakini kilizidi mfuko wa familia mwezi ule.

Hesabu iliyokosekana

Daftari la kijana lilifunguliwa upya, safari hii kwa kikokotoo. Kupata mahitaji ya nguvu ya mbwa: zidisha uzito kwa uzito kwa uzito, tafuta kipeuo cha pili, tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo, kisha zidisha kwa 70. Hizo ni kilokalori za kukaa tu. Mbwa mzima asiyefungwa kizazi, zidisha tena kwa 1.8, aliyefungwa, kwa 1.6. Kwa kilo 19.4 jibu la kwanza ni kama 647, na la pili kama 1,165 kwa siku.

Alikuwa anapewa nini? Unga wa mahindi gramu 250 na dagaa wakavu gramu 40 kwa siku, vikipikwa kwa maji mengi hadi kufikia gramu 1,400. Unga ulileta kama kilokalori 890, dagaa kama 120. Jumla karibu 1,010. Yaani hata angelamba bakuli likang'aa mara mbili kwa siku, asingefikia mahitaji yake. Kila gramu 100 za chakula kile zilibeba kilokalori 72 tu, na ili ashibe nguvu angelazimika kumeza zaidi ya kilo moja na nusu ya uji mzito ndani ya joto la pwani. Mbwa anayehema mchana kutwa hawezi.

Alichokula kweli bakulini ni gramu 560, kilokalori 400 hivi. Maziwa kikombe kimoja yaliongeza kama 160, nusu chapati ya bibi kama 135. Jumla hazifiki 700. Karibu nusu ya nguvu zake ilitoka mikononi mwa watu. Alipopigwa marufuku ya mikono kwa zile siku 10, alinyang'anywa nusu ya riziki yake bila kuongezewa upande wa pili. Ndiyo kilo 0.8 ilikokwenda.

Mlo mpya wa siku ulikuwa huu: unga gramu 180 uliosongwa ugali mgumu, ukiiva vizuri (kama kilokalori 640), dagaa wakavu gramu 60, walowekwe, maji ya kwanza ya chumvi na mchanga yamwagwe, kisha wachemshwe (180), matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa gramu 150 (130), mafuta ya alizeti vijiko vikubwa viwili (240). Jumla 1,190 ndani ya chakula cha gramu 830 hivi. Ujazo ulipungua kwa zaidi ya theluthi, nguvu ya kila tonge ikakaribia mara mbili. Mifupa laini ya dagaa ilibeba kalisi. Mafuta yalianza na nusu kijiko na kupanda kila baada ya siku mbili, kwa kuwa mafuta ya ghafla huleta kuhara. Kwa anayetumia chakula cha pakiti chenye kilokalori 350 kwa gramu 100, gramu 330 hadi 340 zingetosha kwa siku.

Mchuzi wa mezani ulikatazwa kabisa. Kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za mbwa. Kiasi alichopewa Radi hakitoshi kuwa chanzo cha upungufu wake, lakini kumpa kitunguu mbwa ambaye damu yake imeshapungua ni kutoboa ndoo unayoijaza.

Mkwamo wa siku ya 6

Siku ya 4 ya dawa Radi alimaliza bakuli la asubuhi kwa mara ya kwanza. Siku ya 6 akatapika, siku ya 7 akatapika tena na kukataa chakula chote. Familia ilitaka kuacha dawa.

Ilipoulizwa kwa undani, ikabainika kwamba kapsuli ilikuwa inatolewa saa 11 alfajiri tumbo likiwa tupu, na kusindikizwa na maziwa ili ishuke. Makosa mawili kwa mpigo: doksisiklini kwenye tumbo tupu huchafua moyo, na kalisi ya maziwa hufungamana na dawa ikapita bila kufyonzwa vizuri. Tena mbwa aliyetapika baada ya kula dagaa huanza kumchukia dagaa, si kapsuli.

Utaratibu ukabadilishwa: nusu ya chakula kwanza, kapsuli ndani ya donge la matumbo, kisha nusu iliyobaki, na maji. Maziwa yaliondoka kabisa. Hakutapika tena, na dawa ikafika siku ya 28 bila kukatwa.

Bakuli, mahali na saa

Nidhamu ilianza siku ya 15, baada ya uzito kusimama kushuka. Kwanza mahali. Bakuli lilikuwa pembeni ya geti, kituoni mwake pa kazi. Kila tonge lilikatizwa na mpita njia. Lilihamishiwa nyuma ya jiko, pasipoonekana barabara. Kwa maoni yetu badiliko hili dogo lilizidi mengi makubwa, na halikugharimu shilingi.

Kisha saa. Chakula cha asubuhi kilisogezwa mpaka saa 12, cha jioni mpaka saa 2 usiku, joto likiwa limepungua. Mpira ulikoma saa nzima kabla ya kula, na baada ya kula alifungiwa saa moja na nusu asikimbie, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu akikimbia ameshiba tumbo linaweza kujisokota, na hapo ni saa chache kati ya uhai na mauti.

Ugali nao ulikuwa na tatizo lake. Ulitoka sufuriani moja kwa moja. Juu umepoa, katikati unaunguza. Mbwa aliyeungua ulimi mara moja au mbili hunusa bakuli kwa mashaka. Sasa ulivunjwavunjwa na kuachwa upoe mpaka mkono ukae ndani bila shida. Kilichobaki baada ya dakika 20 kiliondolewa na kumwagwa, kwa kuwa ugali wenye dagaa kwenye joto la pwani huchacha ndani ya saa chache.

Sehemu ngumu ilikuwa bibi. Kumwambia mzee aache kumpa mbwa chapati kulimwumiza, naye kwa haki aliona kwamba ndiye aliyemweka Radi hai. Suluhisho lilikuwa kumpa kazi badala ya katazo: kila siku alipewa kikombe kidogo chenye dagaa wa kuchemsha, sehemu isiyozidi moja ya kumi ya mlo wa siku, wakiwa wametolewa ndani ya hesabu. Alimpa Radi mmoja mmoja, kwa kumwita na kumketisha, saa 10 jioni, mbali na muda wa bakuli. Chapati zikakoma zenyewe.

Matokeo

Siku ya 28 alikuwa na kilo 19.9, chembe nyekundu asilimia 38, chembe sahani 215,000. Kinyesi hakikuwa na mayai ya safura. Wiki ya 8 kilo 21.4, wiki ya 12 kilo 22.1 na kipimo cha umbo 4. Bakuli lilimalizika kwa wastani mara 12 kati ya milo 14 ya wiki. Siku za joto kali bado hubakiza kidogo mlo wa asubuhi, na familia imejifunza kutokimbilia mchuzi.

Uchambuzi

Kanuni ya dakika 15 haikuwa na kosa lenyewe. Mbwa yule yule aliifuata vizuri wiki chache baadaye, ikiwa dakika 20. Ilitumika kabla ya wakati wake. Masharti matatu yangepaswa kutimia kwanza: vipimo vya kinyesi na damu viwe vimefanyika, mlo uliomo bakulini uwe unatosha ukiliwa wote, na mizani iwepo kila baada ya siku 3. Uzito ukishuka zaidi ya asilimia 2 ndani ya wiki, kanuni inasimamishwa siku hiyo hiyo. Kwa Radi kushuka kulikuwa asilimia 4 kwa siku 10, na hakuna aliyepima katikati.

Daftari lilifanya kazi, lakini nusu. Gramu bila kilokalori zilimfanya mbwa aonekane mdeko, wakati bakuli lenyewe lilikuwa na upungufu. Tunashauri anayepima chakula apime na unga mkavu kabla ya kupikwa, kwa sababu maji ya ugali hubadilika kila siku na unga haubadiliki.

Dawa ya minyoo ya nusu kipimo ilileta hasara iliyojificha: iliifanya familia iamini kwamba minyoo imeshashughulikiwa, na swali hilo likafungwa kwa wiki sita.

Upungufu mmoja wa matibabu yenyewe lazima usemwe. Kwa sababu kipimo cha vinasaba vya mdudu hakikupatikana, haiwezekani kugawa kwa uhakika ni kiasi gani cha upungufu wa damu kilitokana na erlikia na kiasi gani na safura. Vyote viwili vilitibiwa wiki moja. Chembe sahani zilizopanda zinaelekeza kidole kwa erlikia, kwani safura peke yake kwa kawaida haiziangushi hivyo, lakini hilo ni hoja, si ushahidi kamili.

Kurudia kipimo cha kingamwili hakukupangwa, kwani huweza kubaki chanya miezi mingi baada ya mbwa kupona, na kumfanya mwenye mbwa atibu kivuli. Kilichopangwa ni hesabu ya chembe sahani kwenye mwezi wa 3 na wa 6 baada ya dawa, mizani kila tarehe ya kwanza ya mwezi, na ukaguzi wa masikio na vidole kila Jumamosi. Kijana wa daftari amepewa ukurasa mpya wenye safu nne: uzito, unga mkavu, kilichobaki, kupe.